Mawe Mekundu Kwenye Njia ya Bafuni

Kila asubuhi mke wa mchimbaji huketi uani kuchagua mawe. Ya kijani huyatia kwenye gunia la mnunuzi wa shaba. Mekundu humwachia mumewe, naye huyatandika kwenye njia ya bafuni.

"Hiyo ni kutu ya chuma tu," husema mume.

Wiki hii mawe ya kijani yaliadimika.

"Mama watoto, shimo limeisha," mume alisema. "Kesho kutwa nalifukia. Jumatatu naenda kutafuta kazi mbali."

Mke aliumia sana. Mtoto wao alikuwa na miezi miwili tu.

Jioni jirani yao, fundi wa maabara ya madini, alikuja kumwona mtoto. Akajikwaa njiani, akaliokota jiwe.

"Loo! Shemeji, mbona zito hivi? Umelitoa wapi?"

"Shimoni, karibu na juu. Kutu hiyo," mume alijibu.

"Kutu? Huenda mnakanyaga shaba!"

Mume akacheka. "Basi sisi tunaoga kitajiri."

Fundi akaondoka na lile jiwe. Kesho yake aliwaita maabara. Alivaa glavu na miwani, akasaga kipande cha jiwe, akakitia tindikali. Kisha akachovya msumari safi. Punde msumari ukavaa rangi ya shaba.

"Kutu ya chuma haifanyi hivi," alisema. "Hii ni oksaidi ya shaba. Chini sana, shaba huwa imeshikana na salfa. Karibu na juu, hewa na maji ya mvua hupenya kwenye nyufa na kuibadilisha polepole. Ndiyo maana mnapata mawe ya kijani, mekundu, hata meusi. Yatafuteni juu ya usawa wa maji ya ardhini. Ila tindikali inaunguza, msijaribu nyumbani. Mkiwa na shaka, leteni jiwe."

"Kumbe!" mke alisema. "Mimi niliona ni mazito kuliko kutu, nikanyamaza."

"Ungesema, mama watoto."

"Ungenicheka."

Mume akainamisha kichwa. "Kweli, ningekucheka."

Shimo halikufukiwa. Walichimba kwenda pembeni, si chini zaidi. Mnunuzi alipima sampuli, akapokea magunia sita, mengi yakiwa mekundu.

Jumatatu ilimkuta mume uani, mtoto begani, jiwe mkononi.

"Mama watoto, na hili je?"

Mke akalipokea, akalipima kwa kiganja.

"Hili jepesi. Weka kando, tutamwonyesha fundi."

"Haya, bosi," alisema mume, akaliweka kando.