Dengu za Mama Kidoti

Kila mwaka shule zilipokaribia kufunguliwa, Fundi cherehani alishusha pindo la sketi ya binti yake. Mwaka huu alimsimamisha Kidoti kando ya cherehani akampima mara mbili. Sketi ilimtosha vilevile kama mwaka jana. Moyo wa Fundi ulishtuka. Mtoto wa miaka tisa hakuongezeka hata kidole kimoja?

Walikuwa wawili tu nyumbani. Mama Kidoti alifariki miaka miwili iliyopita, na Fundi alijifunza kupika kwa kuunguza. Asubuhi uji, mchana wali na mchicha, jioni mkate na chai. Nyama, Kidoti aliisusa tangu siku kuku wake alipoingia sufuriani.

Mama yake hakugombana naye. Alipika dengu kila siku ya Mungu, kwa vitunguu vilivyokaangwa vikaiva vizuri. Fundi alimtania, "Mke wangu, tutaota mizizi humu ndani!" Mama Kidoti alicheka tu, akamwongezea upawa mwingine. Ah, siku zile zilikuwa tamu! Baada ya msiba, Fundi hakuweza kuivumilia harufu ile. Dengu zilizobaki aliwapa majirani, na hazikupikwa tena.

"Kuanzia leo utakula nyama," Fundi alisema.

"Baba, siwezi."

"Utaweza! Sitaki ubishi!"

Kidoti akaanza kulia. Nesi wa zahanati, aliyekuja kuchukua gauni lake, alisikia yote pale mlangoni.

"Taratibu, Fundi," alisema. "Mlete kesho tumpime. Tusije tukalaumu chakula, kumbe ni minyoo."

Kesho yake Kidoti alipimwa. Hakuwa na ugonjwa, ila uzito wake ulikuwa mdogo. Nesi aliuliza anakula nini, na Fundi akamweleza.

"Lakini anashiba, dada," alijitetea.

"Kushiba ni kitu kimoja, kujengeka ni kingine. Mwili hujengwa kwa protini, na protini ina vipande vingi. Kimoja kinaitwa laisini. Mwili hauwezi kukitengeneza, lazima kitoke kwenye chakula. Mahindi, mchele na ngano vina laisini kidogo. Haya, wewe fundi: una vitambaa vya mashati kumi, lakini kola tatu tu. Utamaliza mashati mangapi?"

"Matatu."

"Basi laisini ndiyo kola iliyopungua kwenu."

"Si ndiyo maana nikasema ale nyama?"

"Nyama, samaki, mayai na maziwa vina laisini nyingi. Lakini asiyekula nyama hajakosa pa kuipata. Kuna maharage, kunde, choroko, soya, dengu. Ale pamoja na nafaka. Si lazima ziwe kwenye sahani moja, mradi azipate siku hiyohiyo. Mwenye ugonjwa wa figo tu ndiye aulize kwanza kiasi chake."

Fundi alimvuta Kidoti karibu.

"Mama yake alipika dengu kila siku," alisema. "Mimi ndiye niliyeziacha. Harufu yake ilinishinda."

"Pole sana, kaka. Marehemu alijua kulisha."

Jioni ile Fundi alichemsha dengu, akakaanga vitunguu. Machozi yalimtoka, na si ya vitunguu peke yake. Kidoti aliingia mbio kutoka kucheza, akasimama ghafla mlangoni.

"Baba! Kunanukia kama mama!"

"Ndiyo, mwanangu. Nawa mikono, uje ule."

Walikula wakimzungumzia mama. Tangu msiba, hawakuwahi kuthubutu.

Tangu hapo, leo walipika dengu, kesho maharage, keshokutwa mayai, ambayo Kidoti hakuyakataa. Baada ya miezi sita walirudi zahanati. Uzito ulikuwa umepanda, na urefu pia.

"Hongera, Fundi!" nesi alisema.

"Hongera mpe mama yake," Fundi alijibu. "Mimi nilikuwa nakula na kucheka tu. Sikuwahi hata kumwambia asante."

Kidoti alimvuta mkono. "Baba, twende nyumbani. Leo naanza kupika mimi, wewe unielekeze alivyokuwa akifanya."