Kilomita Alizeti

Saa tatu na dakika kumi asubuhi, mkutubi alifungua barua pepe ya mchapishaji. Kitabu cha ufugaji nyuki, ambacho maktaba huazimisha kwenye simu ya msomaji mmoja mmoja, wiki mbili tu kisha kinajifuta, kilikuwa kinauzwa ovyo mitandaoni. Kina kufuli, hakinakiliki. Asipomtaja mwizi kabla ya saa sita, polisi watamchukua yeye mwenye dhamana.

Walioazima ni wawili: fundi simu wa mtaa wa pili, na baba yake mwenyewe. Baba? Mzee kipofu! Alimwendea fundi mbiombio.

"Umevunja kufuli wewe!"

"Dada, taratibu basi." Fundi akaipitia nakala ile ya wizi, iliyoambatanishwa na barua pepe. "Ningevunja, ingetoka safi kama ya kwao. Hii imepigwa taipu neno kwa neno. Ona hapa: 'Nyuki hupenda maua mengi, kilomita alizeti.' Kilomita alizeti ndiyo nini?" Akacheka.

Mkutubi hakucheka. Kitabuni imeandikwa "k.m.", yaani kwa mfano. Ni simu, inapomsomea asiyeona kwa sauti, ndiyo hutamka kilomita. Basi aliyeandika alisikiliza, hakusoma. Mungu wangu! Baba alikuwa mpiga taipu wa ofisini miaka thelathini.

Saa tano na nusu alimkuta sebuleni, mbele ya kompyuta yake.

"Baba, kwa nini?"

Mzee hakujifanya hajui. "Kilijifuta kabla sijamaliza, mwanangu. Nikakiazima tena, nikakiandika chote. Halafu nikamuuzia jirani, kama nilivyouza vitabu vyangu vyote nilipopofuka. Kuna aliyenikamata?"

"Jirani amekisambaza! Wanataka jina sasa hivi. Naogopa, baba."

Mkutubi akavuta kibodi, akaanza kumjibu mchapishaji. Saa sita kasoro dakika tano akafika penye jina la mhusika, akaandika.

"Hilo jina lako," baba akasema. "Kompyuta inanitajia kila herufi. Futa."

"Watakufunga!"

"Futa, nimesema."

Akafuta. Akaanza la baba, akakosea, akakosea tena. Mzee akapapasa mpaka akaipata mikono ya binti yake, akaiondoa kwenye kibodi, akaliandika jina lake mwenyewe.