Upande wa Sinia Usio na Mtu

Sinia la Sindano lilikuwa na upande mmoja usiokaliwa na mtu, na Jumapili ile upande huo ulikuwa umeliwa.

Walikuwa wanne mkekani. Sindano mwenyewe, fundi cherehani, ambaye jina lake la kuzaliwa lilishasahauliwa hata na mama mkwe. Mumewe, fundi friji, mtu mpole kiasi kwamba wateja wengine humlipa kwa shukrani tu. Mwalimu, rafiki wa Sindano tangu utotoni, mwenye sauti ya kuamrisha hata anapoomba chumvi. Na Bonge, mchomelea mageti, ambaye tumbo lake lilitangulia kuingia, kicheko kikafuata, yeye akaja mwisho. Upande wa dirishani palikuwa patupu. Lakini wali wa upande ule ulikuwa umechotwa ukaacha shimo, na kwenye shimo palibaki michirizi ya vidole, mirefu, imevutwa kuelekea dirishani.

Sindano alidhani ni Bonge. Nani mwingine? Akamwambia apunguze mkono mrefu, chakula kipo tele. Siku nyingine Bonge angemrudishia utani mbaya zaidi. Siku hiyo alivitazama vidole vyake tu, akasema polepole, "Dada, mimi hata sijashiba. Nakula, lakini chakula hakifiki."

Hapo Sindano akasikia harufu ya petroli. Si ile ya kwenye gari. Ni petroli iliyolala miaka ndani ya pipa la kutu. Alijua aliisikia wapi mara ya mwisho, akalirudisha tonge siniani.

Ngoja kwanza nikueleze nyumba ile ilivyokuwa, la sivyo utamlaumu bure. Sindano alilelewa na mama aliyeamini kwamba kula mlango ukiwa umefungwa ni uchoyo, na uchoyo ni maradhi ya kurithishana. Kwa hiyo kwake wakila, mlango uko wazi. Apitaye, awe muuza mkaa, awe jirani waliyegombana juzi, ataitwa: karibu tule. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndio ulikuwa wimbo wake. Wengi walishukuru wakapita, maana watu wana haya. Wachache walinawa wakaketi. Mtu mmoja tu hakuwahi kukaribishwa humo, naye ni Bonge, kwa sababu hakuwahi kungoja. Aliingia moja kwa moja mpaka jikoni, akafunua sufuria, akachungulia, akafunika, ndipo akakumbuka kusalimia. Mume wa Sindano alikuwa akisema, siku Bonge atakapopiga hodi, ujue kuna msiba.

Wiki chache kabla ya Jumapili hiyo walisafiri wote wanne kwa gari la mume, gari bovu lenye redio nzuri, kwenda kuona ziwa ambalo Mwalimu alikuwa akilisomesha miaka yote bila kulitia machoni. Njaa ikawakamata katikati ya njia, pasipo na nyumba wala kivuli. Mbele wakaona kituo cha mafuta kilichokufa zamani. Pampu zimeng'olewa, paa limebaki nusu, na pembeni kuna kiofisi cha vioo vilivyopasuka, ndani giza mchana kweupe na harufu ya petroli ya zamani. Wakatandika mkeka juu ya saruji, wakafunua vyombo. Sindano akaangaza macho kumtafuta mtu wa kumwita, hakuna. Mwalimu akamcheka, eti leo amekosa wa kumkaribisha, sijui kama tonge litapita. Basi Sindano, kwa mzaha tu, akakigeukia kile kiofisi akaita kwa adabu zote, "Karibu wewe uliyemo humo. Njoo tule. Na nyumbani pia, karibu."

Walicheka mpaka Bonge akapaliwa. Kicheko hakijaisha, wakasikia ndala ndani ya kiofisi. Pa, pa, pa, za mtu asiye na haraka. Wakageuka kutazama. Hakutoka mtu. Lakini Bonge, bila kuambiwa na yeyote, alisogea akaacha nafasi ubavuni mwake, vile unavyompisha anayetaka kuketi. Walipomuuliza mbona amesogea, alisema hata yeye hajui.

Sasa unajua ile harufu ilitoka wapi.

Baada ya Jumapili ya shimo, Bonge alianza kuisha. Alikula kwake, akala kwa Sindano, akala kwa mama ntilie mpaka mama wa watu akamuonea huruma akaacha kumtania, na bado alinyauka. Mashavu yakaenda, tumbo likafuata. Suruali akaifunga kwa kamba. Karakana ilifungwa, maana hakuweza tena kunyanyua hata mashine yake ya kuchomelea. Hospitali walimpima kila kinachopimika, wakamwambia ale vizuri. Maskini Bonge alicheka aliposikia hayo, na kile kicheko kidogo kikamuumiza Sindano kuliko kilio.

Walimlaza sebuleni kwa Sindano. Kila sinia lilipowekwa, shimo lilitokea upande wa dirishani, na sasa walisikia kutafuna, kutafuna kwa utulivu, kwa mtu anayejua yuko kwenye haki yake, na baada ya kutafuna vidole vikilambwa kimoja kimoja. Walikula wameinamisha vichwa. Sindano alijaribu kufunga mlango; aliyekuwa akitafuna alikuwa tayari yumo ndani. Alijaribu kumlisha Bonge peke yake kwa kijiko. Kijiko kilifika mdomoni kitupu. Usiku alimwambia mumewe, kwa sauti ya kunong'ona, "Mimi ndiye ninayemuua. Mdomo wangu huu." Mume alimshika mkono.

Mwalimu ndiye aliyemfahamu mganga. Alikuwa mama mmoja mfuga kuku, mkali, mwenye simu iliyolia kila dakika na kila dakika akaikata. Alimsikiliza Sindano, aliyekwenda peke yake, huku akichambua mayai. Kisha akasema jini lililovunja mlango yeye hulifukuza asubuhi kabla ya chai, lakini hili halikuvunja kitu.

"Wewe ulilikaribisha, tena mpaka nyumbani. Mgeni wa namna hiyo haondolewi na mganga. Anaondolewa na aliyemkaribisha."

Sindano aliuliza kwa namna gani. Kwa kumnyima, mganga alisema. Apike chakula cha watu wengi kama kawaida yake. Mgonjwa na wenzake waondoke. Aketi peke yake, mlango wazi, ale mpaka chini ya sinia paonekane, na asimkaribishe yeyote. Mgeni ataomba, tena kwa sauti za watu anaowapenda. Akimaliza tonge la mwisho bila kulitamka neno lile, karibu, mgeni ataondoka na njaa yake.

"Aende wapi?" Sindano aliuliza.

Mganga aliweka yai chini. "Mlango mmoja ukimkatalia, hungoja mwingine. Atakayeambiwa karibu, huyo ndiye wake. Waambie watu wako wote wafunge midomo siku hiyo."

Sindano aliitikia kwa kichwa. Lakini kichwa chenyewe kilikuwa kimejaa Bonge tu, Bonge na yale macho yaliyozama. Aliporudi aliwaambia wenzake wampeleke mgonjwa kwa Mwalimu, wasirudi mpaka awapigie simu. Akaishia hapo. Hilo la kufunga mdomo aliona ni kazi ya mdomo wake peke yake, kwa kuwa ndio uliokosa.

Alipika wali na kuku. Akapakua, akaketi, akala.

Mwanzoni palikuwa kimya. Halafu harufu ya petroli ikaingia, ikamkaa puani, na ndala zikapita nyuma yake, pa, pa, pa, zikaenda dirishani zikasimama. Aliendelea kula. Mlangoni mumewe akasema amerudi, amesahau funguo, mbona hamwambii aingie. Hakuinua macho. Mwalimu akaja akamwamrisha, akamkumbusha utoto wao, akalia, Sindano akala. Tumbo lilishajaa, lakini alisukuma tonge juu ya tonge, jasho likimtoka na machozi yakidondokea walini, na mama yake aliyekufa zamani akaja mlangoni akamuuliza kwa upole ule ule tangu lini binti yake amekuwa mchoyo, na nyuma ya mama zikaja sauti za watu wote aliowahi kuwaita njiani, muuza mkaa na jirani na wasio na majina, zikinong'ona nikaribishe, nikaribishe, mpaka masikio yakamvuma.

Likabaki tonge moja. Na hapo akaja Bonge.

"Dada," alisema kizingitini, akihema. "Leo nimesikia njaa ya kweli. Nimetembea mpaka hapa. Sema karibu tu, nife nimeshiba."

Sindano alitaka kufa. Ilikuwa sauti yake kabisa, na mkoromo wake wa moshi wa kuchomelea. Neno lilishafika ulimini. Kisha akakumbuka: Bonge, kuomba kukaribishwa? Bonge yupi huyo? Bonge angekuwa jikoni sasa hivi, amefunua sufuria. Akaliweka tonge la mwisho mdomoni, akalimeza.

Kitu kikaguna dirishani. Ndala zikampita kwa haraka, zikatoka nje, zikaishia njiani. Harufu ikakatika. Sindano aliinuka akatapika, akalia kwa furaha huku ameshika ukuta.

Simu ilimkuta ameshika ndoo. Ni mumewe, anaongea na kucheka kwa pamoja, hasikiki vizuri. Bonge amekula! Alikuwa amelala, mara akafumbua macho, akaketi. Mwalimu akaleta chakula, akamwambia karibu, Bonge, karibu ule, na basi, kamaliza sahani, kaomba nyingine. Sasa anasimama mwenyewe. Wanakuja.

"Alimwambia nini?" Sindano aliuliza.

Lakini mume alishakata, ana haraka ya kuwasha gari.

Akajiambia si kitu. Neno la kawaida, watu hulisema kutwa. Akabandika chakula kipya kwa ajili ya Bonge, akakichochea bila kuacha, akitazama njia kupitia mlango, na kila alipojiambia si kitu mikono ilizidi kuwa ya baridi.

Gari likafika jua likizama. Mume alikuwa wa kwanza kuingia, akambusu shavuni, akapita uani kunawa mikono. Mwalimu akaingia akajitupa kwenye kiti, amechoka, anatabasamu. Bonge akashuka mwisho. Alikuwa mifupa na ngozi, lakini alitembea bila kushikwa, taratibu, kwa ndala. Pa, pa, pa. Jikoni sufuria ilikuwa inanukia nyumba nzima.

Alifika kizingitini akasimama. Sindano alimsubiri aingie. Alimwomba kwa macho, pita, ndugu yangu, nenda jikoni, funua hiyo sufuria. Bonge alitabasamu. Tabasamu lilikuwa pana, la mtu aliyefika alikoalikwa. Ila macho yalikuwa yake mwenyewe, na yalikuwa yanalia.

"Hodi," akasema.

Sindano alifungua kinywa amzuie mumewe, akachelewa. Na kule uani, katika mlio wa maji, bila kuuliza ni nani, mume akaitikia kwa furaha kama mtu yeyote anavyoitikia hodi.

"Karibu!"

Bonge akavua ndala. Akapita jikoni bila kuigusa sufuria, akaenda kuketi mkekani, upande wa dirishani, akangoja kupakuliwa.