Upande wa Dirishani

Saa nane na dakika kumi mchana, Jumatano, Fundi Mkubwa alifungua karakana yake akakuta viti vyake vinane vimechanwa. Si kwa bahati mbaya. Kila kiti kilikuwa na mkato mmoja, kutoka kona hadi kona, sponji imetokeza nje, na kwenye kiti cha mwisho kisu kilikuwa bado kimesimama. Kisu chenyewe kilikuwa chake, kile cha mpini mwekundu, ambacho mtaa mzima unajua hakiazimwi.

Sajini alifika saa tisa kasoro robo. Huyu ni mama wa makamo, mfupi, mwenye maswali mafupi kuliko yeye mwenyewe, na kituoni hujisifu kwamba kesi za ndugu huzimaliza kabla chai haijapoa. Majivuno hayo ndiyo yaliyomponza.

Karakana ilikuwa chumba kimoja kirefu, mlango mmoja, dirisha moja upande wa kushoto. Ndugu wawili, wote mafundi wa viti na makochi, walikirithi kwa baba yao wakakigawa katikati kwa mstari wa chaki. Zana za wote wawili zilining'inia kwenye ubao mmoja uliopigiliwa ukutani, kila zana na msumari wake. Viti vilivyochanwa vilikuwa dirishani. Upande wa pili, wenye giza, kulikuwa na viti sita vya kitambaa kilekile cha kahawia, vizima kabisa.

"Hivi vizima vya nani?" Sajini akauliza.

"Vya mdogo wangu."

"Mlango ulivunjwa?"

"Hapana. Niliukuta umefungwa kama tulivyouacha saa saba. Tulitoka wote kupeleka kochi kwa mteja."

"Ufunguo mwingine upo?"

"Uko juu ya fremu ya mlango. Anajua mama, anajua mwenye nyumba, na yule mwanafunzi wa chuo anayetupatanisha."

"Kati ya saa saba na saa nane nani alirudi hapa?"

Fundi Mkubwa alitazama viatu vyake. "Mdogo wangu. Saa saba na nusu hivi. Tulisahau skrubu, akazifuata. Alikaa kama robo saa."

"Peke yake?"

"Peke yake."

"Mmewahi kugombana?"

Mlangoni palikuwa na watu wameshajaa, na mmoja wao, fundi cherehani wa duka la mbele, akacheka. "Afande, uliza siku ambayo hawakugombana. Miaka miwili hawa ni paka na panya."

Sajini alimgeukia Fundi Mkubwa. "Wewe unadhani ni nani?"

"Nani mwingine, Afande?"

Fundi Mdogo alikuwa amesimama hatua mbili tu kutoka hapo. Uso ulimshuka. "Mimi, Kaka?" akasema, kwa sauti ndogo hivi. "Niliingia nikachukua skrubu hapo kwenye rafu ya mlangoni, nikatoka. Viti vilikuwa vizima." Pingu zilipotolewa, mama yao ndiyo kwanza anafika, kanga begani, anahema. Fundi Mdogo aliomba afunikwe mikono kwa shati asionekane barabarani. Sajini alisema hana muda wa mashati.

Saa kumi jioni Sajini alikuwa chuoni, idara ya amani na utatuzi wa migogoro, ghorofa ya pili. Alitaka tu historia ya ugomvi ili akamilishe jalada. Mwanafunzi wa uzamili alimpokea vizuri, akamwondolea vitabu kwenye kiti. Alikuwa binti wa miaka ishirini na saba hivi, macho mekundu ya kukosa usingizi. Ukutani juu ya meza yake alikuwa amebandika mchoro wa karakana, wenye mstari katikati na mishale.

"Leo mchana kuna viti vinane vimechanwa kule karakanani," Sajini akasema.

Mwanafunzi akashika tama. "Jamani. Maskini Fundi Mdogo. Ndiyo kwanza alikuwa anavimalizia."

"Unawafahamu sana."

"Miezi saba, Afande. Wao ndio tasnifu yangu. Nina mbinu ya kupatanisha ndugu kwa hatua tano, nao wamefika ya tatu. Ugomvi wao ni wa dirisha, yaani nani akae penye mwanga. Ukiusikia unacheka, lakini ulianza siku ya msiba wa baba yao. Kaka mtu ana hasira za karibu, hilo nimeliandika sura ya nne."

"Kwa sasa wanaelewana?"

"Wapi. Bado kabisa. Ijumaa nina kikao nao."

"Leo saa saba mpaka saa nane ulikuwa wapi?"

"Maktaba."

Sajini aliandika yote, akaomba nakala ya mchoro, akaukunja na kuutia ndani ya daftari bila kuusoma. Akili yake ilikuwa kwa mtu aliyeko mahabusu.

Alhamisi saa mbili na nusu asubuhi alimfuata mwenye nyumba, maana ilijulikana wazi kwamba anataka mafundi wahame ajenge duka. Mzee alimwonyesha kadi ya kliniki ya macho yenye muhuri wa Jumatano, saa sita hadi saa tisa. Kisha akamkalisha Sajini kitako.

"Nataka wahame, sikatai. Lakini mimi ningetaka kuwagombanisha, ningechana viti vya huyu kwa kisu cha yule. Huyu wako amechana viti vya Mkubwa kwa kisu cha Mkubwa. Mjinga gani huyo?"

"Labda alishika kisu kilichokuwa karibu."

"Labda. Halafu hawana bahati, maana Mkubwa kahamia dirishani Jumatatu tu. Nilikwenda kuangalia bati linalovuja nikawakuta wanahamishana. Macho ya Mkubwa siku hizi hayaoni vizuri, mdogo wake kamwachia mwanga. Wanacheka hao, utadhani watoto."

"Wanacheka? Fundi Mkubwa hakuniambia kwamba wamepatana."

"Ulimuuliza?"

Sajini hakumuuliza. Alifungua daftari, akakunjua mchoro. Upande wa dirishani palikuwa pameandikwa, kwa mwandiko mzuri wa chuo: Fundi Mdogo. Chini yake, tarehe ya miezi saba iliyopita. Mtu aliyechana vile viti alidhani ni vya mdogo, akachukua kisu cha kaka ubaoni ili kaka abebe lawama. Na mtu huyo hakuwa Fundi Mdogo, kwa kuwa Fundi Mdogo ndiye aliyevibeba vile viti kwa mikono yake kuvipeleka dirishani. Sajini alihisi masikio yanawaka moto. Jambo hilo angelijua jana, palepale, kwa swali moja.

Alipitia kwa mama, akauliza swali hilo na jingine. Saa sita kamili aliwakusanya wote karakanani: mama, ndugu wawili, mwanafunzi. Fundi Mdogo alikuwa ametolewa mahabusu asubuhi hiyo, nguo zimejikunja, na alisimama mbali na kaka yake. Mlango uliachwa wazi, na fundi cherehani akasogeza cherehani yake akaribie kusikia.

"Mama," Sajini akaanza, "Jumanne ulimpigia nani simu?"

"Huyu binti." Mama alimtazama mwanafunzi kwa upole. "Nilikupigia kukushukuru, mwanangu. Nikakwambia wanangu wamepatana kwangu Jumapili, Mungu akubariki kwa kuhangaika nao."

Sajini akamgeukia mwanafunzi.

"Jana uliniambia bado kabisa," Sajini akasema.

"Nilikuwa sina uhakika, Afande."

"Haya. Nilipokwambia viti vimechanwa, sikutaja vya nani. Ulimhurumia Fundi Mdogo kabla hata sijakwambia kwamba nimemkamata. Sasa nakuuliza mbele ya wenyewe. Viti hivi vya dirishani ni vya nani?"

Binti alitazama dirisha. Alitazama mstari wa chaki. "Vya Fundi Mdogo," akajibu, kisha akaona nyuso zao.

"Ni vyangu," Fundi Mkubwa akasema. "Tulibadilishana Jumatatu."

Mwanafunzi aliketi kwenye kiti kimojawapo kilichochanwa, juu ya sponji. Alilia, kisha akaongea akiangalia sakafu.

"Nilikuja jana saa nane kasoro dakika kumi kuhakikisha maneno ya mama. Nikakuta hampo. Miezi saba hamjawahi kutoka wote wawili. Nikajua ni kweli."

"Sasa hilo lilikuudhi nini?" mama akauliza.

"Msimamizi wangu ananiuliza kila wiki: mbinu yako imewafanyia nini watu hawa? Mbinu yangu haijafanya kitu, mama. Wamepatana mezani kwako, wakila, mimi sipo. Nilitaka wagombane wiki mbili tu. Kisha niwapatanishe mimi." Alijifunika uso. "Nawafundisha wenzangu darasani namna ya kuwasikiliza watu. Naona aibu hata kuinua kichwa."

"Na sisi tulikuficha," Fundi Mkubwa akasema. "Tuliona haya. Umetuandika madaftari manne, halafu tuje tukwambie tumeshapatana? Tulikubaliana kwamba kesho, Ijumaa, tununiane kidogo mbele yako, umalize vikao vyako kwa heshima."

Mtu mmoja mlangoni akaguna kicheko, akanyamaza mwenyewe.

Sajini alimwambia binti asimame, wataondoka pamoja. Kabla ya kumpeleka aligeuka akawaelekea watu wa mlangoni, walewale wa jana. "Jana nilimfunga huyu fundi pingu mbele yenu," akasema kwa sauti ya kusikika. "Sikumuuliza yaliyonipasa kumuuliza, na aliponiomba shati nilimnyima. Nilikosea. Namwomba radhi mbele yenu hivyohivyo." Alijikaza, lakini jasho lilimtoka. Fundi Mdogo aliitikia kwa kichwa tu.

Walipobaki watatu, Fundi Mkubwa alikwenda kusimama mbele ya mdogo wake.

"Nisamehe," akasema.

"Yule binti si ndugu yangu," Fundi Mdogo akasema. "Afande naye ni mtu wa kazi yake. Sina neno nao. Lakini wewe, Kaka, uliulizwa swali moja tu."

"Najua."

"Hata hukufikiri."

"Sikufikiri. Nilizoea kukudhania. Miaka miwili ilinizoesha, na siku tatu za kucheka hazikutosha." Alifuta macho kwa kiganja chenye vumbi la sponji. "Naona aibu hata kukutazama."

"Kesho nitakuja kazini. Tutavishona upya hivyo viti, mteja wako asikae anangoja."

"Na leo? Twende basi kwa mama wote, tukale."

"Leo hapana, Kaka. Leo siwezi."

Akatoka, mikono ameiingiza mifukoni ili alama za pingu zisionekane. Mama alikwenda naye mpaka mlangoni, akageuka kumtazama mkubwa aliyebaki ndani, akabaki palepale kizingitini, hajui amfuate yupi.