Njia Namba Sifuri

Pauni elfu sita, na Wagdi hakukubali kupunguza hata moja. Kazi ya kuunganisha mtandao aliyopewa aliimaliza siku kumi na moja zilizopita. Daktari Inas naye alisema halipi. Picha za eksirei kutoka hospitali ya Matruh zilikuwa zinamfikia, ndiyo, lakini hazikupita alikoagiza.

"Bashmuhandisi, mimi nilikuomba njia mbili. Waya utangulie, mtandao wa simu ushike waya ukikatika. Sasa mbona taa ya waya imezima, ya simu imezima, na picha zinaingia?"

Wagdi akaifungua orodha ya njia kwenye kompyuta ya Linux iliyokuwa inapokea picha, makusudi amwaibishe. Waya, namba mia. Simu, namba mia mbili. Yenye namba ndogo ndiyo hutangulia, basi. Lakini juu ya hizo mbili kulikuwa na mstari wa tatu, hauna jina. Namba sifuri.

Akaufuta. Ukarudi. Akaufuta tena, na safari hii harufu ya nywele zilizoungua ikapanda kupitia tundu la waya sakafuni.

Ami Futuh, bawabu wa jengo, alikuwa ameleta chai. Aliweka sinia polepole, akauliza waya umepitia wapi. Wagdi akamjibu umepitia hamamu ya zamani, bafu la umma lililofungwa huko chini, ndiko kulikokuwa karibu.

"Ulipoingia ulisema dastur, kuwaomba ruhusa wenyewe wa chini?"

"Nimwombe nani ruhusa, ami? Panya?"

Ami Futuh akarudi nyuma hadi mlangoni.

Na Matruh walikuwa wanangoja. Mwanamke aliyegongwa na gari alikuwa kitandani, na madaktari wa kule walitaka neno moja tu la Inas: wampasue kifua sasa, au wasubiri. Wagdi akachomoa waya, akazima mtandao wa simu, akaondoa mikono yake mezani kabisa, na picha ikaendelea kufunguka, mbavu, mapafu, kisha moyo, na mifupa myembamba ya vidole imeuzunguka, vidole vingi kuliko vya mkono mmoja, huku chini ya sakafu maji yakisikika yakimwagwa kwa kata, taratibu, kama mtu anayejiosha bila haraka, mchana kweupe, mahali palipokatwa maji miaka arobaini iliyopita.

"Usiandike kitu hapo," Wagdi alinong'ona. "Wapigie kwa simu ya mezani."

Simu ya mezani ikalia kabla Inas hajainyanyua. Alikuwa daktari wa zamu wa Matruh, na sauti yake haikuwa sawa. Aliuliza hili ni jibu gani. Inas akamwambia hajatuma jibu lolote.

"Limefika sasa hivi, daktari, na jina lako liko chini. Nikusomee?"

Hakungoja aambiwe ndiyo.

"'Mmepita kwetu siku kumi na moja. Ushuru ni roho moja. Tupeni.'"