Shela ya Hariri na Mafuta ya Kukaangia

— Umekula wapi?

Muuguzi alimshika mchumba wake kola, akamnusa tena. Jeshi limeuzingira mji, barabara zote zimefungwa, watu wanachemsha majani bila chumvi, halafu fundi jenereta wa hospitali anakuja ananuka kukaanga! We, ungenyamaza?

— Sijala tangu jana.

— Usinifanye mtoto. Nani anakukaangia?

— Mpenzi, nina haraka. Jenereta...

— Jenereta siku hizi linavaa gauni?

Fundi akaondoka. Muuguzi akarudi wodini. Ndani ya mashine ya joto alilala mtoto wa dada yake, njiti, mdogo kama kiganja.

— Mdogo wangu, dizeli imefika? — dada aliuliza.

— Lori limerudishwa kwenye kizuizi cha jeshi.

— Kwa hiyo umeme ukikatika, mwanangu...

— Dada, usimalizie.

Simu ikalia mlio wa ujumbe. Shoga yake:

“Mchumba wako kajifungia jikoni kwa Mama Mgahawa. Na shela yako ya harusi kaingia nayo. Haya, mimi simo!”

Shela ya hariri! Hata mama yake mzazi alikuwa haruhusiwi kuigusa. Muuguzi alitoka mbio, akausukuma mlango wa ule mgahawa uliofungwa siku nyingi.

Fundi alikuwa amechuchumaa. Shela imefungwa mdomoni mwa ndoo, na Mama Mgahawa anamimina juu yake mafuta ya kukaangia, meusi ti.

— Shela yangu!

— Hariri inashika chembe zote, injini haizibi. Nayachanganya na dizeli iliyobaki.

— Kwa nini hukuniambia?

— Ningekuomba, ungenipa?

Muuguzi alifikiri.

— Nisingekupa.

— Basi.

— Na mimi mwanangu, — Mama Mgahawa akadakia, — kwa magoti haya nikaibe bwana wa mtu? Kaja kuniomba uchafu. Angeomba chakula ningemfukuza.

Muuguzi alilia, hakuficha. Kisha akapiga magoti, akashika pindo la shela lisitumbukie.

— Mimina, mama. Mtoto anasubiri.

Jenereta lilikohoa, likakohoa tena, likashika. Hospitali nzima ikanuka kukaanga. Mgonjwa mmoja akainuka kitandani, akauliza chakula kinagawiwa wapi. Hakuna aliyecheka.

Walioana ukumbini mwa wodi, mji ungali umezingirwa. Keki haikuwapo, hata chai haikuwapo. Dada alisimama mbele kabisa, mtoto kifuani mwake, nje ya mashine. Bibi harusi alivaa shela yake. Ilikuwa imefuliwa kwa maji matupu, maana sabuni nayo ilikwisha.

Bwana harusi akamwinamia.

— Mke wangu, unanuka kukaanga.

— Nyamaza. Umekula wapi?

Wakacheka mpaka machozi. Kisha akaivua shela, akamkabidhi mumewe, maana mafuta ya jioni yalikuwa hayajachujwa.