Shimo la Mama Dorine

Wazazi wenzangu, sogeeni kidogo, maana jambo hili linatuhusu sote wenye watoto na fimbo.

Mwaka ule wa tisini na nne, asubuhi moja, ufuo wa kisiwa cha Mfangano ulikuwa shwari kabisa. Rael, ambaye wengi walimwita Mama Dorine, alikuwa ameanika omena, wale dagaa wa ziwani, juu ya nyavu kuukuu, jua limewaka vizuri, naye akijiimbia wimbo wa kanisani. Wanawe wawili, Dorine na mdogo wake Ken, kazi yao ilikuwa kufukuza kuku tu. Kazi gani hiyo ya kumshinda mtu? Lakini waligombania upande wa kivuli, wakashikana mashati, na kuku wakaingia katikati ya omena wakala kama walioalikwa harusini.

Rael akachomoa fimbo kwenye paa. Dorine akachapwa. Ken akatoka mbio.

Jioni Zadock, mwenye boti ya kwenda Remba, alimrudisha amemshika mkono.

“Mama Dorine, huyu nimempata chini ya turubai. Nisingeliinua, saa hii angekuwa Remba.”

Rael akaketi chini. Alikuwa ameona watoto wa wenzake wakienda kuosha boti kwenye kisiwa kile cha mabati na pombe, na shule wasiione tena.

“Jaduong', mzee wangu, nifanye nini? Nachapa mpaka mkono unauma.”

“Si ndiyo hiyo fimbo inayomfukuza? Hawa ni watoto, waache wacheze,” Zadock alisema. Akamwachia ajua yake, ule ubao wa mashimo na mbegu ambao wazee huchezea.

Jamani, nyumba ile ilibadilika! Rael akaweka sheria: anayefanya kazi bila kutumwa, au anayesema ukweli hata ukiuma, anaweka mbegu katika shimo lake. Hakuna anayenyang'anywa mbegu. Mwenye nyingi ndiye anayechagua chakula cha Sabato. Watoto wale wale wa jana sasa waliamka kabla ya jogoo wakigombania ndoo ya maji.

“Na shimo lako, mama?” Ken aliuliza.

“La nini?”

“La siku usizoshika fimbo.”

Rael akacheka mpaka akafuta machozi, akakubali. Fimbo, hata hivyo, ilibaki paani, na mara nyingine aliitupia jicho.

Basi siku moja akiwa sokoni, wingu jeusi likatanda upande wa Rusinga. Omena ikinyeshewa inaoza, na nyumba nzima ilikula kwa omena ile. Rael alikimbia, leso mkononi. Akawakuta watoto wanakokota nyavu, Dorine anapiga kelele, “Vuta, Ken! Vuta!” Naye akadaka pembe moja, wakaingiza omena ndani matone ya kwanza yakipiga bati. Wote watatu walikuwa wanacheka.

Ndipo akaona wavu mmoja ni mtupu.

“Omena ya hapa iko wapi?”

Dorine akamtazama Ken. Boti ya Zadock ilikuwa imefungwa pale pale ufuoni, ikisubiri mvua ipite.

“Ni mimi, mama,” Ken akasema. “Nilienda kupiga mpira kidogo. Kuku wamekula.”

Mkono wa Rael ukapanda paani wenyewe, ukaishika fimbo. Ken akautazama mlango, akaitazama boti. Mtoto yule hakukimbia.

Rael akaivunja fimbo kwa goti, akaitia motoni chini ya sufuria ya ugali.

“Weka mbegu yako,” akasema. “Ya ukweli. Na kesho kuku utawafukuza peke yako.”

Ken akaweka yake. Kisha akachukua nyingine, akaiweka katika shimo la mama yake.

FUNZO

Mzazi, fimbo humfundisha mtoto kukimbia na kuficha. Mchezo wenye sheria za haki humfundisha kutenda mema kwa furaha na kukiri kosa bila woga. Lakini usiwachezeshe watoto wewe ukiwa umekaa pembeni. Ingia mchezoni, uwe na shimo lako, nao wakuone ukijitahidi kulijaza.